Treni Isiyosimama Väsby

Bravin alionywa. Tuanze hapo hapo, asije mtu akasema kijana wa watu alionewa. Alionywa na mchumba wake, akaonywa na mama mkwe mtarajiwa, na Mzee Juvénal mwenyewe alimwandikia karatasi nzima kwa mkono, kwa kalamu za rangi nne: Jumamosi, saa saba kamili mchana, mlango wa nyumba yangu Upplands Väsby utafungwa. Si saa saba na dakika moja. Atakayekuwa ndani atakula. Atakayekuwa nje atangoja safari inayofuata, na safari inayofuata ni mwakani, tarehe hii hii.

Ungedhani ni mzaha. Lakini mzee huyo aliwahi kumwacha mchungaji nje na Biblia yake mkononi kwa sababu ya dakika nne. Mchungaji aligonga, akaimba pambio, akagonga tena. Ndani watu walikula sombe, yale majani ya muhogo, na ndizi wameinamisha macho kama wanafunzi waliovunja dirisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Bravin, kijana wa Kenya, muuguzi katika nyumba ya wazee huko Farsta, alitaka kumwoa Raïssa, binti wa pekee wa Juvénal na Xavérine, Warundi waliofika Sweden kupitia kambi ya wakimbizi ya Tanzania. Raïssa alikwishakubali. Xavérine alikwishakubali, tena kabla hajaulizwa. Aliyebaki ni baba. Na Raïssa, ambaye alikuwa amepata kazi Japani kuanzia Septemba, alisema bila kuzunguka: "Mimi bila baraka ya Baba siolewi. Nitakwenda Japani na mume, au nitakwenda peke yangu. Usinifanye niende peke yangu, Bravin." Tangu siku hiyo kijana wa watu hakulala vizuri.

Sasa, mzee mzima anakuwaje hivi? Watu wa Väsby walikuwa na maelezo yao. Juvénal alitangulia Sweden miaka minne kabla ya familia. Mwaka 2008, siku Xavérine na Raïssa walipotua Arlanda, uwanja wa ndege ulio njiani kwenda Uppsala, alipaswa kuwapokea saa nane mchana, akatokea saa kumi na dakika arobaini. Raïssa alikuwa na miaka saba. Alikaa juu ya begi akitazama viatu vya wanaume waliokuwa wakipita, maana sura ya baba yake hakuikumbuka, na mwishowe alijiambia kwamba baba alikuja, akawaona, hakuwapenda, akaenda zake. Hayo Raïssa alimsimulia Bravin huku akicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kulazimisha. Juvénal alipofika alihema, akainua mikono, akasema, "Treni imechelewa." Basi, husema watu, tangu siku ile mzee akaapa kuwa adui wa uchelewaji. Aliacha kazi ya kufagia mabehewa, akasomea udereva, na leo anaendesha treni za vitongoji, zile wenyeji wanazoziita pendeltåg, na abiria wa asubuhi wanaweza kurekebisha saa zao kwa kumtazama.

Kama angeishia hapo, ingekuwa nafuu. Miaka mitatu iliyopita Raïssa alisoma mwaka mmoja Japani, akapanga chumba kitongojini, kando ya reli inayoitwa Laini ya Asanuma. Wazazi wakaenda kumtembelea wiki mbili. Xavérine aliona mahekalu, bustani na samaki wa kila namna. Juvénal aliona Laini ya Asanuma. Alipanda asubuhi na chakula chake kwenye kikopo, akaenda mwisho wa reli, akarudi, akaenda tena. Aliporejea Sweden alikuwa mtu mwingine. Alivaa glavu nyeupe. Alianza kunyoosha kidole na kutamka kwa sauti kila anachokiona, kama wafanyavyo madereva wa kule ili wasikosee: "Taa, kijani, sawa! Milango, imefungwa, sawa!" Kazini walimzoea. Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. "Jiko, limezimwa, sawa! Xavérine, yupo, sawa!"

"Nipo, nitakwenda wapi?" Xavérine alijibu.

Raïssa alikataa kata kata kushiriki. "Men pappa!" yaani lakini baba, alikuwa akisema, akifunika uso kwa mikono, hasa mzee alipoyafanya hayo dukani.

Na ukutani, kati ya picha ya harusi na picha ya Yesu, mzee alitundika kikaratasi kidogo ndani ya fremu. Siku moja treni ya Asanuma ilichelewa dakika nne. Dakika nne! Mfanyakazi wa stesheni akasimama mlangoni, akamwinamia kila abiria, akampa kila mmoja cheti cha kuchelewa, kwamba mwenye cheti hiki hana kosa, kosa ni la reli, mwajiri wake asimfokee. "Aliniinamia mimi," Juvénal alisimulia, "mimi Mrundi niliyekuja kutembea tu, nisiye na mwajiri wa kunifokea." Xavérine alisema mume wake alilia pale stesheni, machozi kabisa, naye akadhani ni vumbi. Mzee akachapisha daftari zima la vyeti kama vile kwa Kiswahili, akaigawia kwaya ya kanisa ili wachelewaji waone aibu. Wapi! Wanakwaya walivipenda vile vyeti kuliko wimbo. Mtu aliyezoea kuwahi alianza kuchelewa ili apate chake chenye muhuri. Jumapili mbili, daftari likabaki na karatasi chache, na mzee akalifungia kabatini kwa hasira.

Turudi kwa Bravin. Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha, alitoka moja kwa moja kwenye zamu. Mzee Juvénal akamkalisha jikoni, akamsimulia Laini ya Asanuma tangu kuzaliwa kwake: mwaka 1926, reli moja tu, ikibeba kokoto za mtoni kupeleka mjini, na watu wakipanda juu ya kokoto bure. Kisha umeme. Kisha vita. Kisha reli ya pili, na magorofa ya wafanyakazi yakaota kila upande, kama kitongoji cha Akalla unavyokiona, na mabehewa yakawa manne, yakawa sita, yakawa kumi. Baada ya hapo akafika kwenye mambo aliyoyaona ya maana zaidi. "Kule kuna treni za aina nne, mwanangu, juu ya reli ile ile. Nyeusi husimama kila kituo. Kijani huruka vichache. Bluu huruka vingi. Na nyekundu hupita vituo kumi na kimoja bila hata salamu. Sasa nisikilize. Usimwulize mtu treni inakwenda wapi. Inakokwenda si kitu. Uliza inasimama wapi."

Bravin aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelala macho wazi, ufundi ambao wauguzi wote wanao. Alisikia "nyekundu", akasikia "salamu", akatabasamu. Juvénal akampenda hapo hapo, akidhani amepata mwanafunzi.

Jumamosi ikafika. Mzee alikuwa amepiga marufuku magari. ("Gari lina visingizio vingi: foleni, maegesho, tairi. Njooni kwa treni.") Msafara ulikuwa wa watu watano: Bravin; baba yake mdogo, Mzee Obiero, ambaye ndiye msemaji; shangazi Maryanne; na binamu wawili wa kubeba kreti za soda, ambao hawana la kusema katika kisa hiki na hawatasema. Mbali na soda kulikuwa na sukari kilo kumi na blanketi la mama mkwe, blanketi zito, la maua, la kufunika familia mbili.

Kutoka Farsta waliondoka kwa wakati. Andika hilo, maana ni mara ya kwanza. Lakini shangazi Maryanne alikuwa anatoka Akalla, na badala ya kuwangoja chini, kule zinakopita treni za vitongoji, alikwenda kuwangoja juu, katika ukumbi mkubwa wa stesheni kuu ya jiji, kwa sababu huko kuna duka la maua. Wakapanda kumfuata. Walipomkuta alikuwa bado anachagua.

"Shangazi, maua si desturi yao," Bravin alisema, jasho likimtoka.

"Kwani nani amekuambia ni yao? Ni yangu. Mimi siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu."

"Una blanketi mkononi!"

"Hilo ni lako wewe. Ebu nishikie hii ya manjano."

Saa sita na dakika ishirini na tano. Treni iliyoandikwa kwenye karatasi ya mzee ilikuwa inaondoka dakika ya ishirini na sita, chini kabisa, ngazi mbili ndefu za umeme kwenda chini, na binamu wana kreti. Inayofuata ingewafikisha saa saba na dakika nane. Bravin aliona Septemba, akaona Raïssa akipunga mkono uwanja wa ndege peke yake. Ndipo akainua macho, akaona kwenye ubao: Uppsala, saa sita na dakika ishirini na tisa, reli ile pale karibu, hatua ishirini.

Uppsala! Alijua Väsby iko njiani kwenda Uppsala. Mtoto mdogo anajua. Hata zile treni za chini, nyingine huandikwa Uppsala. Tena hii itafika mapema! Bravin alijiona mjanja kuliko ratiba.

"Hii hapa!" alipiga kelele. "Ingieni! Ingieni!"

Wakaingia, kreti zikigongana, maua juu. Milango ikajifunga. Bravin alikaa, akavuta pumzi, akajipongeza kimoyomoyo. Shangazi Maryanne alipapasa kiti.

"Mbona hii ina viti vizuri hivi?"

"Wikiendi," alisema Bravin.

"Mbona watu wana meza na kahawa?"

"Shangazi, tulia."

Kipaza sauti kikasema kitu kwa Kiswidi, na ndani ya kitu hicho neno Uppsala lilitajwa, na kabla yake halikutajwa jina lolote lingine. Bravin alisikia. Masikio yalipokea, moyo ukakataa kutia sahihi. Vituo vidogo vidogo vikaanza kupita dirishani. Vilipita vizuri, bila kugusa breki. Mzee Obiero, mtu wa maneno machache anapokuwa hajalipwa soda, aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kijana," alisema, "hii treni inajua kwamba tunashuka?"

Saa sita na dakika arobaini na saba, Upplands Väsby ilitokea upande wa kushoto. Wote walisimama, wakabeba mizigo, wakajipanga mlangoni kwa adabu. Treni haikupunguza mwendo. Na pale jukwaani, katika suti ya kijivu, amesimama wima na glavu zake nyeupe, alikuwa Mzee Juvénal, aliyeshuka mwenyewe stesheni kupokea wageni kama mkuu wa kituo. Aliona treni inakuja, na kwa mazoea akanyoosha kidole na kutamka, midomo yake ilionekana kabisa: "Ya haraka, inapita, sawa!" Kisha akaona kilichokuwa dirishani. Aliona kreti. Aliona blanketi la maua. Aliona shangazi Maryanne, ambaye kwa heshima zote alikuwa akimpungia mkono. Kidole kikabaki hewani. Väsby ikaisha.

Simu ya Bravin ililia papo hapo. Ni Raïssa, aliyekuwa jukwaani na baba yake.

"Bravin! Mnakwenda wapi?"

"Tunakuja."

"Mnakuja wapi na mimi naona mgongo wa treni?"

"Raïssa, inapita Väsby! Nilijua inapita!"

"Imepita!" alisema Raïssa, na sauti yake ikakatika katikati. "Imepita vizuri sana."

Hakuna safari ndefu kama ile ya kwenda mahali usipokwenda. Mashamba yalipita, mbuga za kijani zikapita, ng'ombe wa Kiswidi wakawatazama. Uppsala walishuka saa saba na dakika nane, na mlango wa Väsby ulikuwa umefungwa dakika nane zilizopita. Wakabeba kreti kwenda jukwaa lingine, wakangoja treni ya vitongoji, ile ya kusimama kila mahali, wakapanda. Mzee Obiero ndiye aliyefungua kikao.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Lakini guu limekwisha vunjika. Tufanyeje?"

"Tuseme treni ilichelewa," alisema shangazi Maryanne. "Si kila mtu husema hivyo? Hata huyo mzee mwenyewe siku ya kupokea mtoto wake treni ilichelewa. Atatuelewa."

"Shangazi, alituona. Tulipita mbele yake kwa wakati. Wewe ulimpungia!"

Shangazi alifikiri kidogo. "Tuseme ni Wakenya wengine."

Hata binamu walicheka, nao hawasemi. Lakini Bravin hakucheka. Alijua njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ingekuwa fupi kuliko zote, maana baba mkwe ni dereva, ana ratiba zote simuni na nyingine kichwani. Zaidi ya hayo aliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Yule mzee alimkalisha jikoni kwa muda wa saa mbili, akamwachia kitu anachokipenda kuliko vyote, neno kwa neno: uliza inasimama wapi. Naye alikuwa amelala. Angesikiliza sentensi moja tu ya Laini ya Asanuma, sasa hivi angekuwa anakula sombe.

Walifika mlangoni saa nane na dakika sita. Gorofa ya pili, mlango wa rangi ya kahawia, umefungwa. Na kwenye ngazi, ameshika tama katika kitenge chake kipya, amekaa Raïssa.

"Wewe je, mbona uko nje?" aliuliza Bravin.

"Nilibaki stesheni nikidhani mtarudi kwa miujiza. Nikafika hapa saa saba na dakika mbili." Aliinua mabega. "Amenifungia na mimi. Eti sheria ni sheria. Mama anapiga kelele huko ndani tangu saa ile."

Kweli, kutoka ndani sauti ya Xavérine ilisikika wazi: "Wali unakauka, mzee! Wali hauna ratiba!"

Shangazi Maryanne aligonga. Mzee Obiero akakohoa kikohozi cha msemaji, akaanza hotuba, akaona aibu kuhutubia mbao. Mlango wa jirani ukafunguliwa. Josefin, mama wa Kiswidi anayeishi pale, akatazama kreti, blanketi, maua, watu sita, akasema "Jaha," yaani kumbe ndivyo, akafunga polepole.

Bravin akapiga magoti. Milango ya Sweden ina tundu la barua katikati, lenye kifuniko cha bati. Alikiinua kwa kidole, akaweka mdomo pale.

"Baba," alisema. "Ni mimi. Sikuja na kisingizio."

Akasogea karibu zaidi na tundu.

"Treni haikuchelewa. Ilikwenda sawasawa kwa dakika, wewe mwenyewe uliiona. Mimi ndiye niliyepanda isiyosimama. Niliona imeandikwa Uppsala, nikadhani inatosha. Ulinifundisha jikoni kwako, mimi nilikuwa nimelala macho wazi. Laini ya Asanuma naijua mpaka kokoto tu. Zaidi ya hapo nilikuwa nakoroma kimoyomoyo." Nyuma yake shangazi alinong'ona, "Yesu wangu, huyu anajimaliza," lakini Bravin aliendelea. "Nisamehe. Kosa si la reli. Na kama safari inayofuata ni mwakani, nitangoja hapa hapa kwenye ngazi, lakini usimfungie Raïssa. Yeye alikuwa ananingoja mimi. Mtu hafungiwi nje kwa kosa la kungoja."

Sasa hata Xavérine alinyamaza. Kilisikika kiti kikivutwa, hatua zikienda, kabati likifunguliwa. Kisha kalamu; Bravin angeweza kuapa aliisikia kalamu. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye kifuniko cha bati kikainuka kutoka ndani na kikaratasi kikatoka, kimeshikwa na ncha mbili za vidole vyeupe.

Kilikuwa cheti cha kuchelewa, katika zile karatasi za mwisho za kwaya, na muhuri juu yake bado mbichi. Bravin alikipokea kwa mikono miwili, akijua ni hukumu yake. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma tena. Kisha akamnyooshea Raïssa.

Raïssa alisoma kwa sauti, maana shangazi Maryanne alikuwa tayari amenyoosha shingo begani mwake.

"Jina la aliyengojeshwa: Raïssa, na mama yake. Tarehe ya..." Alisita. "Tarehe ya Arlanda. Dakika: mia moja na sitini. Sababu: Treni haikuchelewa. Nilikuwa mgeni, niliona imeandikwa Uppsala, nikapanda isiyosimama. Niliona kituo changu kikipita dirishani. Nilipofika kwenu mlinitazama, nikaogopa mtaona mnajiunga na mpumbavu, nikasingizia treni. Kosa ni la nani: Baba."

Raïssa alikisoma mara ya pili kimya kimya, na midomo yake ilitetemeka kama ya mtoto wa miaka saba. Miaka kumi na minane! Miaka kumi na minane alibeba moyoni yule baba aliyekuja, akawaona, akaondoka, na hata baada ya kujua kwamba si kweli, yule baba hakuwahi kuondoka kabisa. Kumbe muda ule wote mwanamume alikuwa ndani ya treni iliyokataa kusimama, uso dirishani, akipita kama walivyopita wao leo na maua yao.

Sauti ya Xavérine ikatoka ndani, karibu kabisa na mlango. "Mimi nilijua! Tiketi ya Uppsala niliikuta kwenye koti lako wiki ile ile, nikifua. Nimekungoja useme. Mbona umechelewa hivyo, mume wangu?"

Shangazi Maryanne alianza kulia waziwazi na kujifuta kwa pembe ya blanketi la mama mkwe.

Raïssa alisimama. Alikunjua kitenge chake, akakitengeneza. Akasimama wima mbele ya mlango, miguu pamoja, akanyoosha mkono, kidole mbele, yeye ambaye tangu zamani alikuwa akifunika uso kwa aibu ya kidole kile.

"Mlango!" alitamka, sauti ikajaa ngazi zote mpaka chini. "Umefungwa!"

Kisha kutoka upande wa pili ikaja sauti ya dereva aliyekaa kazini miaka kumi na mmoja, ambayo haikuwahi kutetemeka hata kwenye theluji ya Januari, na sasa ilikuwa inatetemeka.

"Mlango... unafunguliwa. Sawa."

Kufuli ikageuka. Mzee Juvénal alisimama kizingitini katika suti yake ya kijivu, glavu mikononi, na glavu moja imelowa. Hakumtazama Bravin, wala msemaji, wala kreti. Alimtazama binti yake, akaweka mikono mapajani, akainama. Aliinama chini kabisa, kama alivyoinamiwa yeye siku ile kwa dakika nne za Laini ya Asanuma, na kwa kuwa zake zilikuwa mia moja na sitini, hakuinuka upesi.

"Umechelewa, Baba," alisema Raïssa.

"Nimechelewa, mwanangu."

Raïssa alimshika mabega, akamwinua. "Haya," alisema, akilia na kucheka, na safari hii kicheko hakikulazimishwa. "Basi karibu." Akamwambia hivyo yeye aliyekuwa nje, akimkaribisha aliyekuwa ndani, na hakuna aliyeona kosa.